Dada, Usiache Kutembea kwa Sababu ya Mizani

Tumepokea barua kutoka kwa dada yetu mmoja, mkaazi wa Temeke jijini Dar es Salaam, ambaye ametuomba tusilitaje jina lake. Ana umri wa miaka 41 na ni mama wa watoto wanne. Miezi kadhaa iliyopita alimpeleka mwanawe zahanati kwa ajili ya homa, na muuguzi alipomtazama akamshauri arudi kesho yake asubuhi, kabla hajala kitu, ili naye apimwe. Akarudi. Akakutwa na uzito wa kilo 96, na sukari ya 6.4. Akaambiwa kwamba bado hana kisukari, ila yuko njiani kuelekea huko.

Dada huyu alirudi nyumbani na hofu, kwa kuwa marehemu mama yake alikatwa mguu kwa maradhi hayo hayo. Akafanya jambo ambalo wengi huliahirisha: akaanza kutembea. Kila baada ya swala ya Alfajiri, siku nne kwa juma, yeye na jirani yake huzunguka mitaa kwa muda wa nusu saa na kurudi kabla watoto hawajaamka kujitayarisha kwa shule. Miezi mitatu ilipotimia akaenda kwenye mizani ya duka la dawa, akiwa na matumaini makubwa. Mizani ikasoma kilo 95.

Anaandika kwamba wifi yake alicheka hadi machozi yakamtoka. "Mwezi wa kwanza kuzurura, wa pili kuzurura, wa tatu kuzurura, kwa kilo moja?" Naye mumewe, ambaye tangu mwanzo hakupendezwa na safari hizo za alfajiri, akasema kwa upole kwamba basi ni bora alale. Swali la dada yetu ni moja: aache?

Katika barua hiyo, karibu na mwisho, kuna sentensi mbili ambazo yeye mwenyewe ameziandika kama mambo ya pembeni. Amesema kwamba siku hizi anapokwenda kumtembelea dada yake anayeishi ghorofa ya tatu hupanda ngazi zote bila kusimama, ilhali zamani alipumzika mara mbili. Na amesema kwamba sketi yake ya kijani sasa inambidi aibane kwa pini kiunoni. Sisi tumezisoma sentensi hizo mara nyingi kuliko tulivyoisoma ile kilo moja, na makala ya juma hili ni maelezo ya kwa nini tumefanya hivyo.

Tuanze na sukari yenyewe. Damu yote iliyomo katika mwili wa mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, ina sukari isiyozidi sana kijiko kimoja cha chai. Ni kiasi kidogo mno. Mtu akila sahani ya wali wa nazi na kuteremsha kwa soda, sukari inayoingia katika damu ni mara nyingi ya kijiko hicho, na haina budi iondolewe humo upesi, kwani ikidumu juu kwa miaka huharibu mishipa ya macho, ya figo na ya miguu. Kazi hiyo ya kuiondoa husimamiwa na insulini, kichocheo kinachotengenezwa na kongosho, ambacho wanasayansi wa Toronto nchini Kanada walifaulu kukitoa na kukitambua mwaka 1921.

Insulini ni mfano wa mtu apigaye hodi. Huzunguka pamoja na damu, ikafika kwenye mlango wa chembe ya msuli au ya mafuta, ikapiga hodi. Chembe ikiitikia, vibebeo maalumu vya sukari vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani hupanda hadi ukutani na kuiingiza sukari. Katika mwili wenye afya hodi moja hutosha.

Sasa fikiria nyumba ambayo wenyeji wake hawaitikii. Mpiga hodi anarudia, anaongeza sauti, anawaita wenziwe. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mtu ambaye chembe zake zimekuwa sugu kwa insulini. Kongosho, likiona sukari haishuki, hutoa insulini maradufu, na kwa muda wa miaka hufaulu kuishusha sukari kwa nguvu hiyo ya ziada. Kwa hiyo mtu anaweza kupimwa na kuambiwa sukari yake ni nzuri, kumbe ndani kongosho linafanya kazi ya watu watatu. Huenda hali hiyo ikaendelea miaka kumi au zaidi kabla ya kongosho kuchoka na kisukari cha aina ya pili kudhihirika. Dada yetu mwenye 6.4 yuko mahali ambapo kongosho limeanza kuelemewa. Ikifika 7.0 kabla ya kula, na ikathibitishwa kwa kupimwa tena, huitwa kisukari.

Zipo dalili ambazo jicho huziona mapema. Mojawapo ni weusi laini unaofanana na kitambaa cha mahameli, unaotokea nyuma ya shingo, kwapani au kwenye mikunjo ya ngozi. Tumewaona akina mama wakiwasugua watoto wao wanene shingoni kwa dodoki hadi ngozi ikachubuka, wakidhani ni uchafu. Mara nyingi si uchafu hata kidogo. Ni insulini iliyozidi inayoifanya ngozi ikue kupita kawaida, na mtoto huyo apelekwe apimwe badala ya kukaripiwa.

Ni kipi kinachozifanya chembe ziache kuitikia? Sababu ni zaidi ya moja, nasaba ya ukoo ikiwemo, lakini mbili ndizo kubwa na mara nyingi huandamana. Ya kwanza ni mafuta yaliyokaa pasipo pake. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, kama yale ya makalio na mapaja, hayana madhara makubwa katika jambo hili. Yenye madhara ni yale yaliyojikusanya tumboni kuzunguka matumbo, na yale yaliyopenya ndani ya ini na ndani ya msuli wenyewe, ambako huivuruga ile njia ya kuitikia hodi. Ndiyo sababu madaktari siku hizi huuliza habari za kiuno kama wanavyouliza habari za kilo. Kwa mwanamke, kiuno cha sentimita 80 na kuendelea ni cha kuangaliwa. Kwa mwanamume wa Kiafrika ni 94, na kwa ndugu zetu wanaume wenye asili ya Bara Hindi, ambao maradhi haya huwapata wakiwa na miili midogo zaidi, ni 90. Asiyekuwa na kipimo kilichoandikwa namba achukue uzi wenye urefu wa kimo chake, aukunje nusu, kisha ajaribu kuuzungusha kiunoni. Usipotosha, kiuno kimezidi.

Sababu ya pili ni msuli uliokosa kazi, na hapa ndipo tunapofika kwenye zile ngazi za ghorofa ya tatu.

Sehemu kubwa ya sukari ambayo insulini huiondoa katika damu baada ya chakula huingia katika misuli. Msuli ndio ghala kuu. Ghala likiwa limejaa na halitumiki, hakuna pa kuweka mzigo mpya. Msuli ukifanya kazi hutumia akiba yake, na nafasi hupatikana. Zaidi ya hayo, msuli unaojikunja na kujinyoosha una njia yake mwenyewe ya kuvipandisha vile vibebeo ukutani bila kungoja hodi ya insulini. Mlango mwingine wa nyumba unafunguka, na mlango huo unabaki mzima hata kwa mtu ambaye chembe zake ni sugu, hata kwa mwenye kisukari. Kisha, kwa muda wa siku moja hadi mbili baada ya mazoezi, msuli ule ule huisikia hodi vizuri kuliko kawaida. Baada ya hapo athari hiyo hufifia. Ndiyo sababu wataalamu wa kisukari hushauri kwamba zisipite siku mbili mfululizo bila mtu kuushughulisha mwili. Anayetembea saa tatu siku ya Jumapili na kukaa siku sita zilizobaki hufaidika kwa uchache kuliko anayetembea nusu saa mara nyingi.

Hayo ni manufaa ya siku hadi siku. Yako mengine yanayojengeka taratibu kwa majuma na miezi, nayo ndiyo tunayoyaita siha ya moyo na mapafu. Maana yake ni uwezo wa mwili kuvuta hewa ya oksijeni, kuisafirisha kwa damu na kuitumia katika misuli mtu anapojitahidi kwa ukomo wa nguvu zake. Mwingereza A. V. Hill na wenzake ndio walioanza kukipima kiwango hicho cha juu, katika miaka ya 1920. Mtu anayejizoeza, moyo wake husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo huongezeka ndani ya misuli, na vile viwanda vidogo vya ndani ya chembe vinavyoyachoma mafuta na sukari huongezeka pia. Msuli wa namna hiyo huchoma kile unacholetewa, na sukari haibaki ikizagaa katika damu.

Hakuna kati ya hayo kinachoonekana kwenye mizani. Moyo ulioimarika hauna kilo za kupungua. Na mafuta ya tumboni yanaweza kupungua huku misuli ya miguu ikiongezeka kidogo, mizani ikasimama pale pale, sketi ikalegea.

Kwamba siha hiyo ni jambo kubwa, yapo matukio mengi ya kulionesha, nasi tunapenda zaidi lile la mabasi ya London. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, daktari Jerry Morris aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili ya jiji hilo. Walikuwa watu wa tabaka moja, ndani ya gari moja. Dereva alikaa siku nzima, ilhali kondakta alipanda na kushuka mamia ya ngazi za basi kila siku akikata tiketi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa, hayakuwaua kwa wingi kama yalivyowaua madereva. Wapo waliosema kwamba labda madereva walikuwa wanene tangu walipoajiriwa. Morris akaenda kutazama vipimo vya suruali za sare zao, akakuta ni kweli madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi, lakini hata wenye viuno vya kipimo kimoja walitofautiana: aliyekaa aliumia zaidi ya aliyepanda ngazi. Tukipanda daladala zetu na kumtazama konda aliyening'inia mlangoni na dereva aliyekalia kiti tangu alfajiri, hukumbuka suruali hizo.

Huko Dallas, Marekani, mwaka 1966, vijana watano wenye afya walikubali kulala kitandani majuma matatu bila kuinuka. Uwezo wao wa moyo na mapafu ulishuka zaidi ya robo. Watu wale wale walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba majuma matatu ya kitanda yaliwadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Tunaomba jambo hili likumbukwe na kila familia inayomwambia mgonjwa, mzee, au mama aliyejifungua kwa salama, kwamba asiguse kitu wala asinyanyuke.

Katika jiji hilo hilo la Dallas, watafiti wakiongozwa na Steven Blair waliwapandisha watu zaidi ya 13,000 kwenye mashine ya kutembelea, wakapima siha yao, kisha wakawafuatilia kwa miaka ipatayo minane. Taarifa yao ya mwaka 1989 ilionesha kwamba waliokuwa dhaifu kabisa wa pumzi walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara 3 ya wale wenye siha bora. Miaka kumi baadaye kituo hicho hicho kilitoa habari mbili zinazomhusu dada yetu moja kwa moja, ingawa waliochunguzwa walikuwa wanaume. Wenye siha duni kabisa walipatwa na kisukari zaidi ya mara 3 kuliko wenye siha nzuri. Na wanene wenye siha walikuwa na vifo vichache kuliko wembamba wasiokuwa nayo. Soma tena sentensi hiyo, ewe wifi unayecheka. Wembamba pekee haukuwa kinga.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Wapo wanaozichukua habari hizi na kusema kwamba basi unene hauna neno maadamu mtu anatembea. Sivyo. Mnene mwenye siha ana hali bora kuliko mnene asiye nayo, lakini kwa upande wa kisukari hasa, unene wa tumbo unaendelea kudai haki yake, na aliyefanikiwa kupunguza vyote viwili hupata zaidi. Jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2002 liliwahusisha watu 3,234 waliokuwa katika hali kama ya dada yetu, wengi wao wakiwa wanene sana. Kundi moja lilielekezwa kutembea au kufanya kazi inayolingana na hiyo kwa dakika 150 kwa juma, na kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa kurekebisha chakula. Kundi la pili lilipewa dawa ya metformini. La tatu lilipewa vidonge visivyo na dawa. Ikilinganishwa na kundi hili la tatu, metformini ilipunguza kuingia katika kisukari kwa asilimia 31, na kundi la kutembea na kurekebisha chakula lilipunguza kwa asilimia 58. Finland walikuwa wamepata asilimia 58 hiyo hiyo mwaka mmoja kabla.

Piga hesabu, dada. Asilimia 7 ya kilo 96 haifiki kilo 7. Hakuna aliyekutaka urudi kwenye kilo 55 za siku ya harusi yako. Imebaki safari ya kilo zipatazo sita, na hata kabla ya kuzifikia, miguu yako imekwishaanza kukusaidia.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Tunayo ya kwetu. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliolinganisha wakaazi wa Ilala, Dar es Salaam, na wakaazi wa kijiji kimoja cha Kilimanjaro. Kisukari kwa wanawake wa mjini kilikuwa asilimia 5.7, na kwa wa kijijini 1.1. Wanaume nao walikuwa 5.9 na 1.7. Baadaye watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 200 waliohama kutoka vijiji vya mkoa wa Morogoro kuja Dar es Salaam. Ulipita mwaka mmoja tu, na kwa wastani kila mmoja alikuwa ameongezeka zaidi ya kilo 2, na wale waliokuwa wakifanya kazi za kutoa jasho walikuwa wamepungua sana. Mjini wamekuwa wakiuza duka, wakikaa, wakipanda bodaboda hadi sokoni. Nasaba yao haikubadilika ndani ya mwaka mmoja. Kilichobadilika ni jembe kuwekwa chini.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba usiache. Ila kuna mambo ya kurekebisha.

Nusu saa kwa siku nne ni dakika 120. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa juma kwa mwendo wa wastani, kwa hiyo ongeza siku moja na umefika mlangoni. Mwendo wa wastani ni upi? Ni ule ambao wewe na jirani yako mnaweza kuzungumza, lakini hamuwezi kuimba kaswida. Mkiweza kuimba, mnatembea taratibu mno. Mkishindwa hata kusema, punguzeni. Baada ya miezi mitatu mwendo uliokuwa mgumu umekuwa mwepesi, na hilo ni jambo la kufurahisha, lakini moyo sasa unahitaji kidogo zaidi: katika hiyo nusu saa, kazeni mwendo kwa dakika mbili, mtulie kwa dakika tatu, mkaze tena. Kama mtaani pana mwinuko, upandeni.

Pili, usingoje alfajiri pekee. Matembezi ya dakika 10 hadi 15 baada ya chakula huishika sukari wakati inapopanda, na yanafaa hasa baada ya chakula cha usiku, ambacho katika nyumba zetu ndicho kizito na hufuatwa na kochi na tamthiliya. Hata kuzunguka uani kunatosha. Kupiga deki nyumba nzima na kufua kwa mkono ni kazi ya mwili pia, madhali pumzi inapanda. Kusimama jikoni ukikoroga mchuzi hakumo.

Tatu, mara mbili kwa juma ipe misuli kazi ya nguvu. Keti kwenye kiti imara, simama bila kujisaidia kwa mikono, keti tena, mara kumi, pumzika, urudie. Misuli ya mapaja ndiyo mikubwa mwilini, na ghala kubwa hupokea mzigo mkubwa.

Kuhusu chakula tuliandika kwa urefu huko nyuma na hatutarudia. Ila chai yenye vijiko vinne vya sukari, mara tatu kwa siku, ni vijiko 84 kwa juma. Anayetafuta kilo sita za kwanza aanzie hapo, kabla hajaupiga marufuku wali wa watu.

Nayo tahadhari isisahaulike. Anayehisi maumivu au uzito kifuani anapotembea, kizunguzungu cha kuanguka, au pumzi kukatika kwa namna isiyolingana na mwendo, asimame na aende hospitali. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi achukue kitu kitamu mfukoni, maana mazoezi na dawa kwa pamoja vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi, na huyo asifunge Ramadhani kabla ya kuzungumza na daktari wake juu ya dozi. Avae viatu vilivyofunika miguu, aikague nyayo kila jioni. Ndala si viatu vya kutembelea kilomita tatu, wala baibui linaloburura chini si salama penye mashimo na bodaboda. Lipandishe upindo kidogo na uvae suruali ndani, stara haitapungua.

Tumemaliza na dada yetu, tunamgeukia shemeji. Shemeji, hatujakuona, lakini barua inakutaja kwa heshima na tunaamini nia yako ni njema. Ukiwa na hofu ya mkeo kuwa barabarani wakati bado kiza, hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa vibaka wapo na magari hayana huruma. Lakini dawa ya hofu hiyo iko miguuni mwako. Umetoka msikitini, umekwishavaa, uko macho: badala ya kurudi kitandani, mpitie mlangoni mkatembee pamoja. Ikishindikana, basi asogeze muda hadi kupambazuke, nawe uwatayarishe watoto kwa shule siku hizo tano. Kila aliyesoma madrasa anajua kwamba Mtume (rehma na amani zimshukie) alishindana mbio na Bi Aisha, naye Bi Aisha akashinda, kisha walipokimbia tena siku za baadaye, naye akiwa amenenepa, akashindwa. Tunachokiona sisi katika habari hiyo ni kwamba alipokuwa amenenepa hakuachwa nyumbani. Alialikwa kukimbia tena.

Na wewe pia, shemeji, pima kiuno. Mama mkwe wako alikatwa mguu, kwa hiyo damu ya watoto wako imebeba sehemu ya hatari hiyo, na watoto huiga kile wanachokiona baba akifanya kuliko anachokisema.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotupa wasiwasi katika barua. Dada anasema hajarudi kupima sukari tangu siku ile. Aliiogopa mizani, sasa anaiogopa na sindano. Tunamsihi arudi asubuhi moja ya juma lijalo kabla ya kula, na kama zahanati ina uwezo, aombe na kile kipimo kinachoonesha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Apimwe na presha. Kisha ajipime kiuno nyumbani kwa ule uzi, aweke fundo kwenye alama, auhifadhi. Kila mwezi auzungushe tena mahali pale pale, juu ya kitovu, akiwa ametoa pumzi. Mizani ya duka la dawa aiache mpaka mwezi wa sita wa matembezi yake.

Dada, utakapopata majibu tuandikie, yawe mazuri au mabaya, nasi tutakujibu. Juma lijalo insha Allah tutaishughulikia barua ya mzee wetu wa Tanga, ambaye magoti yanamuuma na anauliza kama kuogelea baharini kunaweza kuchukua nafasi ya kutembea.